Douche ya Mama Mukwe

Jina la mama mukwe wangu sitaliandika hapa. Yolande, bibi yangu, analitaja anavyotaka kwa sababu ni mama yake. Pale hospitali, alipolazwa, walilisoma kwa sauti mbele yangu, na mimi nikageuka kuangalia dirisha. Kwetu Bashi, mwanaume hataji jina la mama wa bibi yake, hali naye sahani moja, na habari ya kutumia choo kimoja haisemwi hata kwa muzaha. Mimi nilizaliwa hapa Bukavu, nikasoma kwa mapadri, nikazoea ofisi na kompyuta. Mambo hayo niliyajua kama mutu anayejua sheria za barabara lakini hajawahi kushika usukani.

Mwezi wa pili, mama alianguka. Kwake Nyantende, njia ya kwenda chooni inashuka kati ya migomba, na mvua ikinyesha inateleza vibaya. Nyonga ilivunjika. Walimupasua, wakamutia chuma, kisha daktari akatuita mimi na Yolande.

"Kuchuchumaa, basi," akasema. "Muteremko, basi. Akianguka mara ya pili, mimi siwaahidi kitu."

Alitaka choo cha kukaa, kiti kiwe juu, chuma cha kushika ukutani na sakafu isiyoteleza. Mama angetoka hospitali baada ya wiki nne. Nyumba yetu ya Nguba ilikuwa na douche moja tu ndani, yaani bafu, kwenye koridor, na choo cha zamani cha kuchuchumaa nyuma ya jiko. Yolande akaenda kuongea na mama yake, akarudi na jibu.

"Anakubali kuja kwetu. Lakini pale mukwe wake anapoogea, yeye haingii. Anasema afadhali arudi kwake."

"Bon," nikasema. "Mimi nitahamia choo cha nje. Douche ya ndani tutaivunja yote, tuitengeneze upya, iwe yake peke yake."

Yolande alifurahi sana. Jioni ile alinipikia mboga ya lenga-lenga na nyama bila mimi kuomba, na ndani ya nyumba yetu hiyo si jambo dogo.

Sasa, mimi ni logisticien. Miaka kumi na saba napanga magari, magunia na watu, na kitu kinachonipandisha damu ni kazi isiyo na mupango. Nikachora chronogramme, ratiba ya kazi wiki kwa wiki, nikaibandika kwenye ukuta wa salon, pale tunapokaa na wageni. Wiki ya kwanza, Zagabe, maçon wetu wa kujenga, angevunja baignoire ya zamani ya kuogea na carreaux zote, vile vigae vya ukutani na sakafuni, aufunge mulango wa koridor na kutoboa mupya upande wa chumba cha mama, ili mimi na yeye tusikutane hata kwa bahati mbaya. Wiki ya pili, Pascal, plombier, fundi wa maji, angepitisha tiyo zake, na Héritier angepitisha waya za umeme. Wiki ya tatu Zagabe angerudi kubandika carreaux. Ya nne, Pascal angeweka kiti na robinet za maji, na mimi ningepokea kazi. Niliwasomea yote polepole, wote watatu wamesimama. Zagabe alitikisa kichwa kama mutu anayesikiliza.

Zagabe ni fundi wa kweli, ukuta wake unaweza kuweka yai juu lisianguke. Lakini kungoja hawezi. Wiki ya pili Pascal alikwenda kwenye kilio huko Kasha, akakaa siku tatu. Tiyo zilikuwa zimepita lakini hazijajaribiwa kwa maji. Siku ya tatu nikarudi kutoka kazini, nikakuta upande muzima umebandikwa carreaux nyeupe, zinang'aa, na Zagabe anapiga mluzi.

"Nani alikuambia ubandike?" nikauliza.

"Papa, ukuta ilikuwa inaniangalia tu. Ningefanya nini?"

"Ungesoma kile kikaratasi cha salon!"

"Niliisoma, papa. Inasema carreaux. Nimeweka carreaux."

Nilimuambia maneno ambayo sitayarudia. Pascal alipotoka Kasha, maji ya robinet yalikuwa hayajafika kwetu tangu siku tano, kwa hiyo tukapandisha bidon ishirini za maji kwenye tank ya juu, moja moja, ili tujaribu tiyo. Akafungua. Tukasimama tunaangalia ukuta. Baada ya muda alama ya unyevu ikatokea chini, ikapanuka taratibu, na Zagabe akaanza kukusanya vyombo vyake bila kuambiwa. Wakavunja carreaux kumi na moja. Soko zima halikuwa tena na nyeupe ya namna ile, basi zikawekwa za bluu, na zikaangukia nyuma ya kiti kabisa.

"Inapendeza," akasema Zagabe.

Mimi nikaenda salon kusahihisha chronogramme.

Mambo mengine yalikwenda. Héritier aliweka taa na chauffe-eau ya kupasha maji bila kelele, huyo ni mutu wa kusema maneno manne kwa siku. Pascal akainua kiti juu ya jukwaa dogo la simenti kama daktari alivyoagiza. Chuma cha kushika, nilimuambia Zagabe aning'inie tuone, akaning'inia, lakini Zagabe ni mifupa na kofia tu, uzito wake hausemi kitu. Nikaning'inia mimi. Nina kilo tisini na mbili. Hakikutikisika.

Hapo ndipo tabia ya ofisi iliponishika. Kazini kwangu sisaini kitu ambacho sijakijaribu mwenyewe. Generator, niliiwasha. Hema, nililala ndani. Ilikuwa ijumaa, siku moja kabla ya mama kutoka. Yolande alikuwa hospitali, mafundi walikuwa uani kwenye parcelle wanakula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa. Nikaingia, nikafunga mulango. Nikakaa kwenye kiti, nikavuta maji, nikakaa tena, nikavuta tena, mara tatu. Kisha nikavua nguo nikaoga, maji moto, sabuni nyingi miguuni nione kama sakafu inateleza. Haikuteleza. Niliimba hata, nakiri.

Nikatoka nje na kichwa kinachotiririka maji.

"Kazi nimeipokea," nikawaambia.

Pascal aliacha kutafuna. "Papa, umeoga mule? Kabisa?"

"Kabisa. Na kiti nimekikalia. Pongezi."

Aliniangalia kidogo, akaangalia sahani yake, akarudia sambaza. Pascal ni mutu wa Nyantende. Alijua. Lakini plombier atamufundisha vipi patron wake mambo ya mama mukwe?

Jumamosi mama akafika, na béquilles mbili, magongo ya kutembelea, Yolande akimushika mugongoni. Mimi nilikaa mbali kama inavyotakiwa, kwenye mulango wa salon, macho chini. Walipita wakaingia chumbani, wakafungua ule mulango mupya. Nikamusikia akizunguka polepole, béquille zinagonga carreaux. Alisema kitu kwa Mashi, lugha yetu, Yolande akacheka. Roho ikanitulia. Tangu mama alipoanguka sikuwa nimemusikia Yolande akicheka.

Kisha mama akauliza, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, ingawa alikuwa anaongea na ukuta, "Na hii kiti haitaniangusha?"

Yolande alikuwa anafungua mudomo kujibu. Mimi nikamutangulia, kwa furaha.

"Hapana, maman. Usiogope. Nilikikalia mimi mwenyewe mara tatu, na jana nikaoga humo humo. Kila kitu kinashika."

Nilisikia maji yakidondoka ndani ya tank. Halafu mama akasema, bila hasira yoyote, "Aksanti, Papa Ornella. Umejichokesha sana juu yangu."

Ornella ni mutoto wetu wa kwanza, na hivyo ndivyo mama anavyoniita siku zote. Akamuomba Yolande afunge mulango. Hakuufungua tena. Alioga kwa kitambaa na beseni chumbani, na mengine yalipita kwa ndoo ambayo Yolande aliibeba imefunikwa, akipita karibu nami bila kuniangalia.

Siku ya pili, jikoni, Yolande akasema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Pascal angekaa. Zagabe angekaa. Mimi ningekaa, ungenipigia simu tu. Jirani, askari, mupita njia. Mutu yeyote wa Bukavu nzima angeweza kukalia kile kiti, Jean-Claude, isipokuwa mutu mumoja."

Nilisikia haya mpaka kwenye masikio. Nikasema nitakitoa, nitaweka kingine, carreaux pia nitazibandua zote. Yolande akapeleka maneno, akarudi amefuta machozi.

"Hana hasira na wewe. Anasema vitu vilivyofanyiwa kazi visivunjwe juu ya muzee mumoja. Anasema nyumba ni ya mukwe wake na yeye ndiye alipaswa kujua tangu mwanzo. Anataka kurudi Nyantende."

Nyantende ilikuwa ule muteremko. Ilikuwa migomba, matope na mwanamuke wa miaka sabini na minne mwenye chuma ndani ya nyonga. Nilikuwa nimepanga wiki nne nzima ili asiteremuke tena pale, na kwa kujaribu tu kama kiti kinashika nikamurudisha mwenyewe. Nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, mbele ya choo changu cha kuchuchumaa, na nilijichukia.

Nikamupigia Pascal. Nikamueleza, ingawa alikuwa ameshaelewa tangu ile sambaza.

"Nyumba ya mama kule kwenu unaijua," nikasema. "Ndani yake kuna nafasi?"

"Iko chumba ya kuwekea mahindi, papa. Inaungana na chumba yake ya kulala."

"Mutaweza?"

"Tutaweza. Lakini wewe usiingie. Hata siku ya musingi. Hata kuchungulia."

"Hata kabla haijawa douche?"

"Papa," akasema Pascal, kwa upole, "nani atajua uliingia siku gani?"

Basi nikasimamia kazi nikiwa kwenye barabara, mama akingoja kwetu chumbani na beseni lake. Kila siku baada ya ofisi, wiki tatu, nilipaki gari karibu na kibanda kinachouza sabuni na biskwiti, mita mia kutoka kwenye nyumba, na nikapiga simu. Hakuna chronogramme, ningeibandika wapi? Nilisikia nyundo ya Zagabe lakini ukuta wake sikuuona. Tank ingekula maji ya mvua kutoka kwenye bati, Héritier angeleta taa ya jua. Pascal alinitumia picha za tiyo. Ajabu ni kwamba safari hii Zagabe hakubandika hata carreau moja kabla ya maji kupita. Alimungoja Pascal siku mbili, amekaa kwenye jiwe, na nilipomuuliza kwa simu kama ukuta haumuangalii, akasema unamuangalia sana. Siku walipoweka kiti nikamuambia Pascal asinitumie picha tena.

"Nani atajaribu?" akauliza.

"Yolande. Na asiniambie chochote."

Iliniuma, mutu asidhani ni maneno tu. Yolande alirudi jioni ile, akala, akaongea habari za bei ya makala ya kupikia, akalala. Mimi nilikaa kama mutu aliyeandika mutihani na matokeo yakapelekwa kwa jirani. Chuma kilishika? Jukwaa la kiti lilikuwa na urefu gani? Zagabe anapenda carreaux laini, anasema zinapendeza. Niliuma meno, sikuuliza.

Jumapili baada ya misa tukamurudisha. Niliendesha taratibu, mama nyuma na Yolande. Kwenye kibanda nikasimamisha gari, nikashuka, nikageuka upande mwingine mama anaposhushwa. Walipofika mbali ndipo nikaangalia. Zagabe alikuwa amesawazisha njia yote na mawe, bila kuagizwa na mutu. Wakaenda hatua kwa hatua, wakaingia.

Nusu saa ikapita. Mvua ikaanza, ile kubwa ya Nyantende. Nikaingia ndani ya gari nikafuta kioo kwa mukono, nikaendelea kuangalia ule mulango. Nilifikiria sakafu, nilifikiria sabuni. Nilishika simu mara tatu, nikairudisha. Kama ameanguka, Yolande angepiga kelele, lakini na mvua ile juu ya bati, ningesikia nini? Niliomba Mungu, mimi ambaye kanisani huwa nahesabu viti.

Saa nzima ilikuwa imepita Yolande alipotokea chini ya mwavuli, viatu mukononi. Nikashusha kioo.

"Maman amenituma," akasema. "Anasema, muambie mukwe wangu arudi nyumbani, mvua ni kali. Na umuambie, nimeoga."

"Sakafu haikuteleza?" nikauliza. "Chuma kilishika?"

"Umeambiwa kile unachopaswa kuambiwa," Yolande akasema, na akaniwekea mukono kwenye shavu, mukono wa mvua, baridi. Kisha akapanda tena kwa mama yake.

Nilipandisha kioo, nikalia. Mwenye kibanda aliniona, akageuka kupanga biskwiti zake. Nilipomaliza nikawasha moteur, nikashuka Bukavu.