Saa Iliyokuwa Mkononi mwa Bibi Harusi

Naapa kwa macho yangu mawili, ambayo daktari ameyapima na kuyasifu, kwamba kisa hiki ni cha kweli toka mwanzo hadi mwisho. Chumvi sijatia hata chembe. Aliyetendewa yu hai, amekaa mita mbili kutoka hapa ninapoandika, na kila ukurasa nikiumaliza anauchukua kuusoma. Hata ningetaka kudanganya, nafasi sina.

Nilikuwa mpiga picha miaka thelathini na minane. Picha nilizosafisha mwenyewe zilikuwa kali kiasi kwamba kuna nyumba mbwa wao aligoma kuingia sebuleni kwa kumwogopa marehemu babu pale ukutani. Kisha zikaja zama za flashi, vile vijiti vya kubebea faili. Wateja wakaanza: "Karatasi hatutaki, tupe tu faili, tutazisafisha wenyewe pale duka la fotokopi." Na mashine yangu ya kusafishia, niliyoinunua kwa kuuza pikipiki, imefunikwa shuka kama maiti.

Nikatafuta dawa. Faili niliwapa, tena kwa tabasamu. Ila kabla ya kuzitia kwenye flashi nilizipunguza ukubwa, nikazipaka na ukungu kidogo. Kwenye simu picha inang'aa. Ikikuzwa kwenye karatasi, uso unakuwa kama umechorwa kwa uji. Mteja akirudi kulalamika, simlaumu mwenye fotokopi. Namlaumu yeye. "Dada, ulitikisika." "Mzee, ngozi yako haipokei mwanga." Akishanywea, navuta droo: "Bahati yako, moja nilikuwa nimeshaisafisha." Ananunua, na anaondoka akinishukuru.

Mkabala na studio yangu alikuwapo fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo, upana wa mlango tu, na riziki yake yote ilikuwa pale. Alikuwa na kisukari, na daktari alishamwonya: siku utakayoanza kuona ukungu, kazi ya skrubu ndogo basi. Mtaa mzima ulilijua hilo kwa sababu mwenyewe alilifanyia utani.

"Nikipofuka nitahamia kwako, jirani," alisema mbele ya watu. "Kazi yako haihitaji macho."

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini utani ule niliuweka akiba.

Akamwoza binti yake wa pekee, nikapiga picha, binti akahamia mbali na mumewe. Fundi akachukua faili. Karatasi akakataa. Baada ya siku tatu akaja na picha ya binti yake kutoka fotokopi, kubwa kama sinia. Hakuja kugomba. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Jirani, niambie ukweli. Hii unaionaje?"

Hapo nilitakiwa niseme binti alitikisika. Lakini nikaukumbuka ule utani wake.

"Naiona safi kabisa," nikasema. "Nyuzi za shela nazihesabu. Kwani wewe unaonaje?"

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Nilingoja arudi kesho yake kubisha, nimcheke, nimvutie droo. Hakurudi. Mkewe anavaa miwani minene kama kitako cha chupa, kila kitu kwake ni ukungu, hakuweza kumwamulia. Wiki ileile fundi aliwagawia wenzake koleo na bisibisi zake, akabaki na lenzi tu, kwa mazoea. Meza akamwachia muuza makava ya simu. Akawa mtu wa kukaa kitini nyumbani, hashiki kitu kidogo kuliko kikombe, kwa kuogopa kujijaribu.

Ningeweza kwenda kumwambia. Nilipita mlangoni kwake mara nyingi. Siku moja nilimsalimia, akanigeuzia sikio badala ya uso, kama wafanyavyo vipofu. Alikuwa ameshaanza kujifunza. Nikaenda zangu.

Kilichoniponza ni majivuno. Picha ya yule binti ilitoka vizuri mno, nikaisafisha kubwa, nikaitundika dirishani. Kipofu atajuaje?

Baada ya wiki mbili alipita na mkewe amemshika mkono, wanakwenda kliniki.

"Mume wangu," mke akasema, pua yake ikigusa kioo, "huyo dirishani si mwanao?"

Fundi akasimama. Mimi nilikuwa ndani, namwona kupitia kioo. Hakuutazama uso wa binti. Aliuinamia mkono wa kushoto, wenye saa aliyomtengenezea yeye mwenyewe. Akatoa lenzi, akaibana jichoni.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," akasema. "Mshale wa sekunde umepinda. Nilimwambia nitaunyoosha akija."

Mkewe hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatafuta mlango wa nyuma. Studio yangu haina.

Akaingia. "Jirani. Ulijua?"

"Nilijua nini, fundi?"

Akaikunjua ile ya fotokopi juu ya kaunta. Mkononi mwa binti hapakuwa na saa. Palikuwa na doa.

"Mashine za fotokopi," nikasema, "unajua zina..."

"Fungua kompyuta."

Nikafungua. Kila mteja alikuwa na folda mbili: "nzima" na "ya kuwapa".

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Meza yangu ina mtu," akasema. "Nitakaa hapa dirishani, penye mwanga. Mashine yako utaiuza, uvikomboe vifaa vyangu. Na hizo nzima utampelekea kila mmoja mlangoni kwake, kwa miguu, useme kwa mdomo wako ulichofanya. Shemeji yako atafuatana nawe asikie."

Nikaenda, mkewe ubavuni. Mlango wa nne alitoka mama ambaye picha yenye ukungu alikuwa ameibandika kwenye kaburi la mumewe. Nilikuwa nimemwambia kuwa mumewe alitikisika siku waliyokuja kupigwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilimgombeza mume wangu njia nzima," akasema. "Nilimwambia hata kukaa kimya dakika moja hawezi."

Akapokea flashi, akafunga mlango.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sasa fundi amefika hapa, lenzi jichoni, na ameweka kidole juu ya mstari.

"Wiki mbili?"

"Kama hivyo."

"Andika vizuri."

Miezi minane. Alikaa kitini miezi minane, na macho yake mazima.

"Na mbwa?"

"Mbwa ni kweli."

Hacheki. Kidole kimeshuka hadi chini ya ukurasa.

"Shemeji yako anasema yule mama alifunga mlango bila kupokea kitu. Flashi yake iko wapi?"

Nje mvua inanyesha, na kwa yule mama ni mbali. Nimesema labda kesho. Fundi amerudi kwenye saa yake, hanitazami, ila amenyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Navuta droo, natoa flashi yake.