Ulimi wa Transista

Tangu homa ya masika ya mwaka themanini na tatu, Anaeli alikuwa akipika mbege, ile pombe ya ndizi, kwa kubahatisha. Ulimi wake ulikufa ganzi. Ndizi, chumvi, kahawa, vyote maji matupu. Ladha ilimjia ndotoni tu, na akiamka imeshakwenda zake. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyepika mbege za harusi za nusu ya kijiji angeanzia wapi kusema jambo kama hilo? Na sasa alikuwa na pipa la kwenda kwa wakwe huko Mkuu, kumposea mwanawe Primus. Wakwe wakiletewa mbege iliyochacha, wataona wamedharauliwa, na posa itavunjika.

Bahati nzuri bintiye Flavia, msomi wa kemia huko ng'ambo, alikuja likizo na kidude chake: transista kama za redio, imepakwa kimeng'enya, imeungwa kwenye kisanduku chenye mshale.

"Hiki kinakula sukari, mama, kinatoa asidi, na transista inaihisi. Sukari ikipungua, mshale unashuka. Ukifika kwenye nyekundu, imeiva."

Anaeli akachekea moyoni. Kumbe ulimi nao huja kwa ndege!

Asubuhi ya safari ukungu ulilala migombani, jua likaupenya, shamba zima likawa rangi ya maziwa. Anaeli alitembea humo kama bado anaota. Akakitoa kidude pipani, akakifanyia alichofunzwa kufanyia kila kinachogusa mbege: akakimwagia maji ya moto. Alipokirudisha, mshale haukutikisika. Akakigonga. Wapi!

Flavia akaja, akakitazama. "Umekiunguza kimeng'enya, mama. Basi si neno, onja mwenyewe."

Anaeli akaishika kata, machozi yakamtoka. "Sisikii ladha, mwanangu. Tangu masika."

Flavia akaichukua kata, akachota, akanywa.

"Unasikiaje?" Anaeli akauliza.

"Inachoma kidogo, pembeni mwa ulimi. Halafu ndizi. Halafu uchungu wa lile gome la msesewe."

"Na utamu, umebaki?"

"Unaondoka. Polepole."

Anaeli alikuwa amefumba macho. Ladha ya ndotoni ilikuwa inapita kinywani mwake, na safari hii alikuwa macho kabisa.

"Imeiva," akasema. "Mwite Primus na wenzake waje kubeba. Lakini kwanza kunywa tena, mwanangu, unisimulie."