Inchi Mbili za Mguu wa Kushoto

Vumbi la chaki lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha, jeupe na jepesi, siku fundi cherehani alipompima mdogo wake suruali ya kazini. Kiuno kilikuwa kimepungua. Mguu wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia unene kwa inchi moja. "Wembamba umekukaa, wewe!" alimwambia, na wote wawili wakacheka.

Fundi ana jicho, na ana siri za watu. Bega lililoinama hulitilia pamba, tumbo la bwana mkubwa hulikatia marinda, na mteja hutoka kifua mbele. Kazi yake ni kuona kasoro na kuifunika. Basi aliona, akafunika.

Mwezi wa pili akabana kiuno, akaachia kitambaa mguuni. Mwezi wa tatu akabana tena, akaachia tena, sasa inchi mbili kamili, akaandika kwenye daftari la vipimo pamoja na tarehe, kama anavyowaandikia wote. Aliona, akafunika. Ee mkono mwepesi, ulijivunia nini? Mshono ulinyooka hata mama yao hakugundua kitu.

Juzi mdogo wake akaishiwa pumzi ngazini, akaanguka.

Daktari, mama mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza pale kitandani. Kinga ya mwili imeigeukia damu yake yenyewe, ndiyo maana damu inaganda. Bonge lilikaa mguuni, kipande kikapanda hadi mapafuni. Na maradhi haya wakati mwingine hufuatana na saratani. Walitafuta, wakaikuta kwenye ovari. "Mguu ulianza kuvimba lini?" akauliza. "Nisaidieni hapo, nijue imekaa muda gani."

"Juzi tu," fundi akadakia, kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

Aibu ilimpanda toka nyayoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa huyu hakuficha kitu. Alisimama wima mbele ya dada yake, mikono juu, apimwe. Aliyeficha ni fundi, kwa mkasi na uzi, na sasa alikuwa akificha tena kwa ulimi. Aliona haya kumtazama daktari. Aliona haya hata kuitazama mikono yake mwenyewe.

Akalitoa daftari mkobani. "Daktari, nimekudanganya. Ni miezi mitatu. Tarehe ziko hapa, na inchi zake."

Daktari akasoma, akanakili, hakulaumu. Hilo lilimchoma kuliko karipio.

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mdogo wangu. Niliona."

"Najua, Dada," mgonjwa akasema, akisogeza kinyago cha hewa. "Kila ukinipima nilikuwa nakutazama usoni. Nikasema, kama ni kitu kibaya, dada angeniambia."