Kaka Amenimalizia Bodi

...na bado anacheka, amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, kaka yangu wa tumbo moja, anasema nimekumalizia kazi mdogo wangu, nilibonyeza hapo tu kwenye kompyuta, mashine ikachora yenyewe, wewe wiki nzima unahangaika, haya, niambie ahsante... ahsante, eti ahsante, bisibisi hii hapa mkononi, nikigeuka tu inaingia chini ya kidevu, chai na damu vimwagike pamoja, mshenzi huyu, nimejifunza kuchora njia za shaba za bodi ya umeme moja moja mpaka macho yanawasha, mwalimu kaniambia nataka mkono wako, si wa kompyuta, ukiniridhisha mchana huu kiwanda kinakuchukua, na huyu kabonyeza, akasevu, akazima, akawasha, sasa mchoro wangu umefutika, hakuna hata cha kurudisha nyuma... imependeza eeh, anauliza... nilipokuwa mdogo nilifungua redio yake nione sauti inakaa wapi, akanichapa kwa waya wa pasi mpaka mgongo ukachanika, mama mlangoni anasema inatosha, inatosha, wala hasogei, na leo yeye kafungua yangu, nani atamshikia waya?... nikivunje hicho kidole kilichobonyeza, nikiweke kwenye jiliwa la kubania vyuma nikaze, nikaze, apige yowe mtaa mzima usikie... huu mstari mwekundu ndio nini, anauliza, kidole chenyewe kinagusa kioo, ndio umeme wa ukutani, mjinga wewe, nasema moyoni, na hapo naona, mashine imeupitisha ubavuni kabisa mwa kitufe cha chuma, pale pale mtu atakapobonyeza, mwalimu angepiga kelele, acha nafasi, we binti, hiyo inaua... inaua... basi tuitengeneze, kaka anasema, mimi niwe wa kwanza kuiwasha, na sijui bisibisi nimeiweka chini saa ngapi, moyo umetulia tuli, napima tu, shaba iwe nene kiasi gani, sakafu ya karakana haikauki maji, yeye hutembea pekupeku, watu watasema masikini, binti alikuwa bado anajifunza... na ninaposhtuka nakuta nimeshapanga mpaka nitakavyolia msibani.

Mungu wangu. Hasira naijua, ningempiga, angenipiga, tungenuniana wiki, yakaisha. Hii si hasira. Kaka anapuliza chai yake, eeh mdogo wangu, tuitengeneze?... naogopa kugeuka, asije akauona uso wangu.