Upatu wa Sahani

"Novemba ni yangu, Metroni. Hata usimame hapo mpaka ua huu utoe matunda, Novemba ni yangu."

"Sijasema si yako, Tannie Hesta. Nimesema tubadilishane. Wewe uchukue Februari yangu."

"Februari ina siku ishirini na nane."

"Sahani je, zinapungua? Ni sitini zilezile."

"Njaa ya Novemba huwezi kuilisha Februari," alisema Hesta Terblanche, ambaye majirani humwita Tannie, yaani shangazi, akaendelea kupunguza ua kwa mkasi wa jikoni, maana ukimwita mkata majani wa kijiji unaongezewa kwenye ada.

Upande wa pili wa ua alisimama Metroni Nosandi Mgudlwa, mweusi tii kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, kama alivyokuwa akisimama kwa miezi kumi na mitatu sasa. Nyumba yake ni namba kumi na saba, ya Hesta kumi na nane, katika kijiji cha wastaafu cha Rooikrans, nje kidogo ya mji wa Gqeberha, Afrika Kusini. Mzee Petersen wa namba ishirini alikuwa ametoka kumwagilia maua yake ili asipitwe na neno. Maua yenyewe ni ya plastiki, lakini aliyamwagilia kwa makini sana.

"Harusi ya mwanangu ni tarehe kumi na nne Desemba," Nosandi alisema. "Unajua hilo."

"Najua. Umemwambia kila mtu, mpaka fundi wa mabomba."

"Na siwezi kuingia harusini na nguo hizi."

"Basi vaa nyingine," alisema Hesta. Mzee Petersen alisimamisha maji ili asikie vizuri.

Hapo ndipo Nosandi alipokata tamaa kwa siku ile. Utamweleza vipi mtu ambaye yeye mwenyewe alimlilia mumewe kwa gauni jeusi la siku moja, tena akalalamika joto? Mlamli, mume wa Nosandi, alifia humu humu namba kumi na saba, Oktoba ya mwaka jana. Wanawake wa ukoo walikuja toka Ngcobo wakamvalisha mjane nyeusi sebuleni, na ukoo ukasema kuwa hapo hapo alipovalishwa ndipo watakapokuja kumvua. Kuvuliwa kuna watu, na watu wana matumbo. Mwaka ulikwisha Oktoba hii, lakini ada ya kijiji ilikuwa imepanda Januari, dawa zikapanda Machi, umeme ukapanda bila kusema mwezi, na kilichobaki kwenye pensheni ya uuguzi kingetosha kuwapa watu wanane chai. Bila maziwa.

Kwa hiyo alibaki nayo. Mjane aliye katika nyeusi hampi mtu mkono, hukaa karibu na mlango, hurudi nyumbani kabla jua halijazama, na harusini haingii. Huletewa kipande cha keki kwenye karatasi. Kwa mtu mwingine labda ni mapumziko. Nosandi alikuwa mtu wa kujaza nyumba mpaka watu wakalie ndoo, na miezi hii kumi na mitatu hata bingo alikuwa akiisikilizia dirishani. Nusu ya kijiji walidhani amejiunga na watawa. Bibi mmoja wa namba nane alimuuliza kwa sauti ya chini kama watawa wanapunguziwa ada.

Sahani ndizo zilizokuwa tumaini lake, na sahani alizianzisha yeye. Ada ya Rooikrans inajumuisha kadi ishirini za chakula cha mchana kila mwezi, za njano, na kadi usiyoitumia inakufa siku ya mwisho wa mwezi. Wengine walikuwa wakizitupa tu. Nosandi, ambaye katika miaka arobaini ya hospitali alicheza upatu wa fedha, wa mashuka, wa sufuria na wa blanketi, hakuweza kuvumilia kuona kitu kinakufa bila kuliwa. Akakusanya wakazi kumi na wawili, kila mmoja atoe kadi tano mwezi ukianza, zote sitini ziende kwa mmoja. Majina yakatolewa kwenye kofia. Mzee Petersen akapata Agosti, akalisha kwaya nzima ya kanisa lake na bado wanamwimbia. Bwana Swiegers, meneja, alitafuta kanuni inayokataza, hakuipata, akanyamaza kwa uchungu.

Novemba ilimwangukia Hesta, ambaye hana kwaya, wala mgeni, wala hata paka.

Kesho yake mchana Nosandi alichukua mkate wake wa mvuke, akaenda kubisha namba kumi na nane. Mtu akija na mkate humwachi mlangoni. Hesta akamkaribisha, na alipogeuka kutafuta kisu Nosandi akafungua jokofu kutafuta maji baridi, kwa ile tabia ya wauguzi ya kufungua kila kilichofungwa.

Ndani mlikuwa na nusu ya limau na chupa ya haradali.

Akafungua friza. Humo vilijipanga vikopo vya plastiki kama faili za ofisini, kila kimoja na karatasi. *Samaki, nusu, tarehe 3. Kuku, nusu, tarehe 9. Samaki, nusu, tarehe 12.* Nosandi aliwahi kusimamia wodi ya watu sitini. Hakuhitaji kusoma zaidi. Akautazama mkanda wa Hesta: ulikuwa umetobolewa tundu jipya, kwa msumari.

"Unapekua jokofu la mtu," Hesta alisema.

"Natafuta maji."

"Maji yako bombani."

Nosandi alikinga maji, akanywa, akakaa bila kukaribishwa. "Tangu lini unakula nusu?"

Hesta alikata mkate vipande viwili, kisha akakata kimoja kati. "Marehemu Faan wangu aliacha pensheni ya mtu mmoja," alisema, "na mtu mwenyewe alikuwa yeye. Januari ada inapanda tena. Nikila nusu na kugandisha nusu, halafu nikapata zile sitini nikazigandisha nazo, nafika Machi."

"Na Machi?"

"Machi tutaonana nayo."

"Mwanao wa Australia anajua?"

"Anajua hali ya hewa ya huku ni nzuri."

Nosandi aliisuuza glasi, akaifuta, akairudisha kabatini. Alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine ameyapanga tangu alfajiri. Aliyaacha yote.

"Kaa na Novemba yako, Tannie Hesta. Mimi rangi hii nimeshaizoea. Inanipunguza unene."

"Na harusi?"

"Wataniletea keki."

Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka, Hesta alikuwa mlangoni kwa Nosandi. Mkononi ana kitabu cha kanuni za kijiji, ambacho marehemu Faan alikiandika zaidi ya nusu alipokuwa kwenye kamati, kwa sababu hakupenda gofu.

"Watu wangapi?" aliuliza.

"Watu gani?"

"Wa kukuvua. Usinipotezee muda, Metroni, nimesimama."

"Kama sitini. Lakini nilikwisha kuambia..."

"Nyumbani kwako mwisho wageni wanane. Ukurasa wa tisa. Bwaloni, kila mkazi ana haki ya wageni watano kwa siku, mradi kila mgeni ana kadi. Ukurasa wa thelathini. Sisi tuko kumi na wawili. Mara tano."

Nosandi alianza kuhesabu kwa vidole.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja," alisema Hesta. "Nangoja ufike."

"Sitini. Na Machi yako?"

"Nipe Februari yako, nitajua la kufanya nayo. Kuna jambo jingine?"

"Nguo zinachomwa moto. Alfajiri."

Hesta alifungua nyuma ya kitabu, akapitisha kidole, akakifunga. "Faan hakuwahi kulifikiria hilo," alisema, kama anayemwona mumewe amepungukiwa kwa mara ya kwanza. Wakajaza fomu ya kuazima jiko la kuchomea nyama, kwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Palipoandikwa *aina ya nyama*, Hesta aliandika: mchanganyiko.

Jumamosi hiyo wanawake wachache wa ukoo, waliotangulia jana yake, walizichoma nguo nyeusi kabla jua halijatoka, kitambaa, gauni, hata soksi. Swiegers alipita akitembeza mbwa wake, akanusa, akauliza ni nyama gani. Akaonyeshwa fomu. Siviwe, bintiye Nosandi, yule wa harusi ya Desemba, akamvalisha mamake gauni la manjano lililoshonwa na mashangazi, akamfunga kilemba, na Nosandi akajitazama kwenye kioo muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu wa umri wake.

Basi la Ngcobo likafika saa tano. Wa kwanza kushuka alikuwa Zwelidumile, kaka mkubwa wa marehemu, na koti lake zito katika jua lile.

"MaRadebe," alisema, akimwita shemeji yake kwa ukoo wa kwao, "kondoo nimemwacha nyumbani. Mlinzi wenu alisema kwenye simu wanyama hawaingii."

"Alisema kweli, shemeji."

"Kwa hiyo yeye huko anakula majani. Sisi huku tunakula nini?"

"Samaki."

Mzee alilitafakari hilo. "Wa mtoni?"

"Wa boksi."

Watu wa basi, pamoja na Siviwe na wanawake waliotangulia, walikuwa hamsini na wanane, na wawili walikuja kwa gari lao. Sitini kamili. Wakazi kumi na mmoja wakajipanga mlangoni mwa bwalo, kila mmoja akachukua wageni wake watano, kwa kadi yake mwenyewe na kadi za wageni mkononi. Wageni wa Hesta walishikwa na Mzee Petersen kwa muda, kwa kuwa Hesta alikuwa mlangoni akihesabu. Kila kitu kilikwenda kwa kanuni, mpaka Swiegers mwenyewe akawa hana sura ya kuweka.

Kisha likafika lori, wazi nyuma, limejaa. Watu wa Cala, upande wa nyanya yake Mlamli. Hakuna aliyewaalika, kwa sababu watu hawaalikwi kwenye jambo kama hilo, wanasikia. Moyo wa Nosandi ulifurahi kabla akili haijamkumbusha. Hesta alikwisha kuwahesabu.

"Kumi na tisa," alisema. "Wenyeji si shida, wakazi wengine wanne wanatosha."

"Hawana kadi," alisema Swiegers, na sura ikamrudia.

"Tutagawana sahani," alisema Nosandi.

"Sahani moja, mtu mmoja. Ni mambo ya afya."

"Nipike nyumbani nilete."

"Chakula cha nje hakiingii bwaloni. Ukurasa wa thelathini na moja, muulize jirani yako."

Nosandi alimgeukia Hesta. Hesta akaitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyoandikwa, na mwandiko ni wa Faan. Zwelidumile, ambaye alikuwa ameketi tayari, akainuka na fimbo yake akaja mlangoni.

"Sitasema neno," alitangaza, "watu wa ukoo wakiwa wamesimama juani na njaa."

Na bila neno lake mjane hajavuliwa, hata avae manjano ya namna gani. Nosandi alisimama katikati ya mlango. Nyeusi zilikuwa majivu kwenye jiko la kuchomea nyama. Hakuwa na za kurudia. Manjano haikuwa yake bado. Alivaa tu, kama mtu aliyeazima. Siviwe alimshika kiwiko. Alipomtafuta Hesta kwa macho, Hesta hakuwepo.

Zikapita dakika thelathini za watu kutazamana. Halafu kule kwenye njia ya matofali ikasikika toroli ya nguo, gurudumu moja likilia, na nyuma yake Hesta akisukuma taratibu bila kuharakisha hata kidogo. Ndani vikopo vya plastiki, vinafuka moshi. Alikuwa amevipasha moto kwa mafungu matatu ya mikrowevu.

"Nimesema chakula cha nje..." Swiegers alianza.

"Samaki, tarehe tatu," alisoma Hesta. "Kimepikwa na jiko lako, kikalipiwa kwa kadi yangu. Kuku, tarehe tisa. Jiko lako. Ukurasa wa thelathini na moja unasema chakula *kilichopikwa nje ya jiko la kijiji*. Kila kimoja kina tarehe. Viko kumi na nane, unaweza kuhesabu."

Swiegers alihesabu. Alihesabu mara mbili.

"Wao ni kumi na tisa," alisema.

Hesta akatia mkono mfukoni mwa sweta, akatoa kadi moja ya njano, ya mwisho ya mwezi wake, akaiweka mkononi mwa meneja. "Na huyo," alisema.

Watu wa Cala wakaingia. Zwelidumile alisubiri mpaka wa mwisho alipopata kiti, ndipo akasimama, akakohoa, bwalo zima likanyamaza, hata bibi wa namba nane. "MaRadebe," alisema, "ulikaa na ndugu yetu akiwa hai, ukakaa naye akiwa amekufa. Inatosha. Nenda kwa watu." Akaketi, akamtazama samaki wake, samaki naye akamtazama.

Wanawake walipiga vigelegele, na watu wakaanza kumjia Nosandi kumpa mkono, mmoja mmoja, na alishika kila mkono kama anayeupima. Ilimchukua muda kugundua kwamba mkono mmoja haujaja. Hesta alikuwa bado nje, amekaa kwenye ukingo wa ukuta kando ya toroli tupu, akipanga vifuniko vya plastiki kwa ukubwa.

Nosandi akatoka.

"Mbona uko huku?"

"Nimeshakula."

"Lini?"

Hesta alipanga kifuniko kimoja juu ya kingine. "Sina kadi, Metroni. Mlango una kanuni."

Nosandi akamnyooshea mkono. Walikuwa wamekaa majirani muda wote huo na hawajawahi kushikana, na Hesta aliutazama mkono ule kidogo kabla ya kuupokea, kwa kuwa siku zote alidhani mwenzake anaringa tu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Nosandi hakuuachia. Akamvuta mpaka akasimama, akamwongoza mlangoni, na Swiegers, aliyekuwa hapo na kadi zake za wageni sitini na moja, akaona bora aangalie saa.

"Huyo mama anangoja nini nje?" Zwelidumile aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Anasema hana kadi, shemeji."

"Kadi ya nini?" Mzee alisogea, akamsukuma Mzee Petersen kwa nyonga, nafasi ikapatikana, na sahani yake akaisogeza katikati. "Mwambie aingie ale. Chakula chenyewe ni chake, na kinapoa."