Kola Haigeuzwi Mara Mbili

Kola ilikuwa imeshageuzwa. Fundi aligundua baada ya kufumua mshono nusu, na mama watoto wake alikuwa ameshaondoka.

Kola ya shati ikilika pale inapokunjika shingoni, unaibandua, unaigeuza, upande uliojificha unakuja juu, unashona tena. Mtu anavaa anaona kama jipya. Lakini kola ina pande mbili tu, na hii ilikuwa imelika zote. Mshono wenyewe aliutambua. Ulikuwa wa mkono wake.

Mtaani walimwita Haina Neno, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Suruali imeungua kwa pasi? Haina neno. Gauni limebana na sherehe ni kesho? Haina neno, lete. Asubuhi hiyo mkewe naye alijibiwa hivyo hivyo, miaka mitatu tangu afungashe vyake akaenda kukaa kwa dada yake.

“Mwanao anaanza kazi Jumatatu,” alisema akiwa mlangoni. “Kang'ang'ania shati lako hili. Utaweza kulifanya jipya?”

“Haina neno. Nageuza tu. Nusu saa.”

Mwanamke akautazama upande wa kushoto wa meza, alipokuwa akikaa zamani kutengeneza matundu ya vifungo. Hapakuwa na kitu. Fundi alibanana na vitambaa vyake upande wa kulia na pale hakuwahi kuweka hata uzi.

“Kesho mchana nitalifuata mwenyewe,” akasema. “Nitakaa kidogo tuongee. Watoto wamenichosha na habari za kurudi.”

Alipopotea kwenye kona, fundi viatu wa chumba cha pili akachungulia. “Shemeji huyo! Kesho uoge bwana, usije ukamfukuza kwa harufu.”

“Kaoshe kwanza hivyo viatu vya watu.”

Alicheka peke yake, akachukua wembe, akaanza kufumua. Ndipo akaona.

Sasa akakumbuka. Zamani alifukuzwa kazi kiwanda cha sare, akakaa miezi miwili bila kusema. Kila asubuhi alibeba chakula chake, akaenda kushinda kwa kinyozi, jioni akarudi akilalamika jinsi kazi inavyochosha. Mkewe alikuja kuambiwa na watu baki, akaondoka. Fundi akageuza kola ya shati hilihili, akalivaa, akaenda ukweni kuomba radhi. Mwanamke akarudi kwa sharti moja: “Liwe zuri, liwe baya, niambie wewe. Basi.” Baadaye ikaja barua ya mwenye nyumba ya kuwataka wahame. Akaificha chini ya cherehani mpaka siku vitanda vilipotolewa nje, na hapo ndipo mkewe alipofungasha vyake.

Simu ilikuwa mezani. Namba aliijua kwa kichwa. Akaishika, akaiweka. Akaishika tena. Ya nini kumtia mtu wasiwasi kwa ajili ya kola?

Akakata kitambaa cha kola mpya kutoka sehemu ya chini ya shati, nyuma, ile inayoingia ndani ya suruali. Pengo akaliziba kwa kitambaa kingine cheupe. Alishona mchana kutwa, akafumua mara mbili kwa sababu ncha moja ilikuwa butu. Hakuwahi kushona kola nzuri kama ile tangu ajue kushika sindano.

Kesho yake mwanamke alikuja, akavuta kiti, akakaa upande wa kushoto. Fundi akamsogezea shati.

“Yaani mzee, umeiweza!” Alipitisha kidole kwenye kola. “Imegeuka bila tabu?”

“Imegeuka. Kazi ya nusu saa tu.”

Mwanamke akalilaza shati mezani alikunje. Mkono ukafika kwenye kiraka, ukasimama. Akalileta karibu na macho.

“Hii nini?”

“Si kitu. Inaingia ndani ya suruali, nani ataiona?”

“Sijauliza nani ataiona. Kola haikugeuka.”

“Haikugeuka. Ilishageuzwa. Lakini si imetoka nzuri?”

“Imetoka nzuri sana. Ungenipigia ukaniambia haigeuki, ningekwambia haya, tafuta njia. Ningekasirika na nini?” Hakupaza sauti. “Nimekuuliza sasa hivi, uso kwa uso. Na hata hapa umenidanganya, na hapakuwa na cha kuficha.”

“Mama watoto, kola tu hiyo.”

“Ndiyo. Kola tu.”

Akaingiza shati kwenye mfuko, akashukuru kwa kazi, akatoka. Fundi viatu alimsalimia shemeji yake, akaitikiwa vizuri.

Fundi alibaki ametazama kiti. Kola ilimlia mchana mzima na shibiri moja ya kitambaa. Uongo ulikuwa wa maneno sita. Mke wa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kile kwa muda usiozidi dakika kumi, na hakurudi tena.