Pakiti Mchangani

Walikuwa wakianika dagaa ufukweni pakiti ya vidonge vya P2 ilipomponyoka Wema kwenye kanga. Mama Bariki, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akaiona.

"Toba! Wema, unatoa mimba?"

Mikono yote ikasimama. Wema alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Bi Kuruthumu, kungwi aliyewafunda nusu ya wanawake wale, aliendelea kutandaza dagaa.

"Mama Bariki, mumeo huenda kuvua mbalamwezi ikiwaka?"

"Akavue nini? Mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa za wavuvi."

"Basi P2 ndiyo mbalamwezi. Inalichelewesha yai, mbegu zikifika hazikuti kitu. Na hawa tuliowaanika, mbalamwezi itawarudisha ziwani?"

"Itawarudishaje?"

"Vivyo hivyo P2 haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Vidonge vya kutoa mimba ni vingine kabisa. Usimpake mtoto wa watu matope."

Yai na mbegu, mchana kweupe, na sauti haikutetemeka! Wema alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Bi Kuruthumu akaiokota pakiti, akaipangusa mchanga, akamkabidhi Wema mbele ya wote.

"Kameze sasa hivi, mwanangu. Yai halingoji dagaa wakauke."